Mtoto Hakukaa Vibaya, Mfumo Ndio Uliokaa Vibaya

Kuna sentensi inayotamkwa kila siku katika kliniki zetu za wajawazito, na kwa kuwa imezoeleka hakuna tena anayeisikia vizuri: “Mama, mtoto wako amekaa vibaya.” Mwanamke huambiwa maneno hayo akiwa amelala kitandani, tumbo wazi, kadi yake mezani. Mara nyingi haelezwi zaidi ya hapo. Huvaa, hupokea kadi, hutoka, na safari ya kurudi nyumbani huwa ya kupiga hesabu ambayo hakuna aliyemsaidia kuipiga: nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, mtu wa kubaki na watoto, ndugu wa kutoa damu ikihitajika, na swali linalouma kuliko yote, yaani kosa alilofanya ni lipi.

Makala haya yanahusu hesabu hiyo. Mimi si daktari wa tiba. Shahada yangu ya uzamivu ni ya taaluma za maendeleo, na kazi yangu ya kila siku ni kufundisha jinsi dola inavyogawa rasilimali na jinsi inavyogawa lawama. Kwa sababu hiyo hasa, suala la mtoto anayetanguliza matako linanihusu. Kitabibu ni jambo linalojulikana, linalopimika, na linaloweza kupangiwa wiki kadhaa kabla ya uchungu kuanza. Kisiasa tumeliacha liwe ajali. Nadai kwamba namna taifa linavyomtayarisha mwanamke huyu ni mtihani wa kweli wa sera zake za afya, kuliko idadi ya majengo linayozindua, na kwamba katika mtihani huo bado tunafeli.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Tuanze na yale yasiyobishaniwa. Mimba inapokuwa na wiki 28, takriban mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa bado kichwa kipo juu. Wengi hugeuka wenyewe. Mimba inapotimia, wanaobaki na matako au miguu chini ni kama 3 hadi 4 kati ya kila 100. Asilimia hiyo inaonekana ndogo mpaka uizidishe. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kila mwaka. Asilimia 3 ya milioni mbili ni 60,000. Jambo linalowagusa wanawake wa idadi hiyo kila mwaka haliwezi kuitwa nadra, na serikali yoyote ingepaswa kuwa na mpango wake ulioandikwa, uliogharimiwa na unaosimamiwa.

Mkao wenyewe si wa aina moja. Wapo watoto waliokunja nyonga na kunyoosha miguu hadi karibu na uso. Wapo waliokunja magoti kama mtu aliyechuchumaa. Wapo walioteremsha mguu mmoja au yote miwili chini ya matako. Tofauti hizo ni muhimu, kwa kuwa hatari zake hazilingani. Mguu unapotangulia, njia haizibwi vizuri, na chupa ikipasuka kamba ya kitovu inaweza kuteleza mbele ya mtoto na kubanwa. Katika aina zote, kichwa, ambacho ndicho sehemu kubwa na ngumu zaidi, hutoka mwisho, wakati hakuna tena nafasi ya kujaribu upya. Ndiyo maana mkunga mwenye ujuzi huuliza mapema: ni matako ya aina gani, mtoto ana uzito gani kwa makadirio, shingo yake imekunjwa au imenyooka, kondo limekaa wapi. Mwanamke aliyeambiwa tu kwamba mtoto “amekaa vibaya” hajapewa hata moja kati ya majibu hayo.

Lawama isiyo na msingi

Neno “vibaya” linabeba hukumu, na hukumu hutafuta mkosaji. Mtaani mkosaji hupatikana haraka: alilala chali, alibeba ndoo nzito, alisimama mlangoni, aligombana na mama mkwe. Sayansi inasema vingine. Sababu zinazojulikana ni pamoja na mimba kutotimia, mapacha, uvimbe katika mji wa mimba au umbo la mji wenyewe, kondo kukaa chini, na maji ya uzazi kuzidi au kupungua. Katika wanawake wengi hakuna sababu yoyote inayoonekana. Hakuna mlango uliosimamiwa, hakuna ndoo.

Utamaduni wetu una sura mbili katika jambo hili, na ni vema tuchague kwa makusudi. Upande mmoja, kamusi za zamani za Kiswahili zimehifadhi neno kigego, mtoto aliyehesabiwa kuwa nuksi kwa sababu ya jambo la maumbile kama kuota meno ya juu kwanza, na historia inatuambia kwamba nuksi hiyo aliilipia kwa uhai wake. Upande wa pili, Wasukuma na Wanyamwezi wana jina Kashindye au Kashinje, apewalo mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu. Jina hilo halimlaumu mtu. Linaandika tu namna mtoto alivyofika, kama Kulwa na Doto yanavyoandika habari ya mapacha. Jamii iliyotunga jina kwa tukio hilo ilikuwa imelikubali kuwa sehemu ya maisha. Ninashangaa kwamba kliniki ya karne hii, yenye kadi, rejista na mashine, imeshindwa kufikia utulivu huo wa akili na badala yake imerudi kwenye lugha ya kigego.

Safu iliyojazwa, tumbo lisiloguswa

Utetezi wa kwanza wa wasimamizi wetu huwa takwimu, na takwimu zenyewe si mbaya. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wanaojifungulia katika vituo vya huduma wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Wanaohudhuria kliniki mara nne au zaidi wamefika asilimia 65. Sina nia ya kuyadharau mafanikio hayo; wapo wauguzi na wakunga walioyalipia kwa migongo yao.

Lakini mahudhurio ni idadi ya miguu iliyoingia mlangoni. Hayasemi mikono ilifanya nini baada ya hapo. Kadi ya mjamzito, ile inayojulikana kama RCH 4, ina nafasi ya kuandika mlalo wa mtoto na kitangulizi. Kuijaza kwa ukweli kunahitaji mkunga aweke mikono miwili juu ya tumbo, atafute kichwa kilipo, atafute mgongo ulipo, abonyeze juu ya kinena kujua ni kitu gani kimekaa pale. Ni dakika chache. Dakika hizo chache ndizo zinazokosekana pale muuguzi mmoja anapokuwa na foleni ya wajawazito arobaini, dawa za kugawa, rejista za kujaza na simu ya mratibu anayetaka taarifa ya mwezi.

Nimewahi kuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuja ofisini kwangu kuomba kuahirisha mitihani baada ya kujifungua. Alikuja na kadi yake kama ushahidi, kwa sababu urasimu wetu wa chuo nao hauamini tumbo bila karatasi. Alihudhuria kliniki mara sita. Katika safu ya kitangulizi ilikuwapo alama ileile, kwa mwandiko uleule, mara zote sita: kichwa. Siku ya uchungu, katika kituo ambacho sitakitaja, iligundulika kwamba kilichokuwa mlangoni ni matako. Ilikuwa usiku. Hakukuwa na mtaalamu wa usingizi. Alisafirishwa kwa gari la kukodi, ndugu zake wakichangishana njiani kwa simu, akafanyiwa upasuaji alfajiri. Yeye na mtoto wako hai, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini aliniuliza swali ambalo sikuona sababu ya kulilainisha: “Dokta, mtoto angegeuka mara sita kwa siri?” Hapana. Inawezekana alikuwa vile kwa wiki nyingi. Safu ilijazwa, tumbo halikuguswa.

Tusidhani hili ni tatizo la Afrika peke yake au la uvivu peke yake. Mikono, hata ya mtaalamu, hukosea. Utafiti uliofanywa Cambridge, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2019, uliwapima kwa picha za mawimbi ya sauti wanawake 3,879 wa mimba ya kwanza katika wiki ya 36. Waligunduliwa 179 ambao watoto wao walikuwa wametanguliza matako, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wameshukiwa kabla ya kipimo. Ikiwa hali ni hiyo katika mji wenye hospitali ya kufundishia, nani anaweza kusema kwa uhakika kwamba sisi tunawajua wa kwetu?

Hapa ndipo sera inapopaswa kusomwa kwa makini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza kipimo kimoja cha utrasaundi kabla ya wiki ya 24. Kipimo hicho kina faida zake, hasa kujua umri wa mimba. Kwa suala letu hakisaidii, kwa kuwa mkao wa mtoto wa wiki ya 20 hauna uzito wowote. Wilaya inayotangaza kwamba kila mjamzito amepigwa picha moja inaweza kuwa imesema kweli, na bado isijue mtoto hata mmoja amekaaje wiki ya 36.

Kugeuza mtoto: huduma iliyofichwa

Tuseme mkao umegunduliwa kwa wakati. Je, mwanamke anaambiwa kwamba ipo njia ya kumgeuza mtoto kwa nje? Njia hii inapendekezwa na Shirika la Afya Duniani na vyama vya madaktari wa uzazi katika nchi nyingi. Hufanywa kuanzia wiki ya 36 au 37. Daktari au mkunga aliyefunzwa huusukuma mwili wa mtoto taratibu kwa mikono juu ya tumbo hadi kichwa kishuke, baada ya kupima kwa picha, akisikiliza mapigo ya moyo kabla na baada, mara nyingine akitumia dawa ya kulegeza mji wa mimba. Hufaulu katika takriban nusu ya wanawake, na zaidi kwa wale waliokwisha kuzaa. Matatizo yanayolazimisha upasuaji wa haraka hutokea kama mara moja katika 200, na ndiyo sababu haifanywi mbali na chumba cha upasuaji.

Nusu ya wanawake! Fikiria dawa yoyote ingeweza kuondoa nusu ya tatizo fulani bila kisu, kwa gharama ya kitanda, picha na mikono ya mtu aliyefunzwa. Tungeiita muujiza na kuipa jina la mradi. Lakini katika miaka yote niliyozungumza na wanafunzi, wafanyakazi wenzangu na jamaa waliopitia hali hii, waliowahi kuambiwa kwamba chaguo hilo lipo ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Ombwe hilo halibaki tupu. Linajazwa na wachuaji wa matumbo. Naomba nieleweke hapa, kwa sababu wapo wanaharakati rafiki zangu wanaochukulia kila onyo kuhusu tiba za jadi kuwa ni ukoloni. Kugeuza mtoto bila kujua kondo liko wapi, bila kusikiliza moyo wake, bila chumba cha upasuaji karibu, ni hatari. Kondo linaweza kubanduka, na mama akavuja damu kwa ndani asijue. Hali kadhalika mitishamba ya kuharakisha uchungu. Mkunga wa jadi hapaswi kutukanwa, lakini hatari hii haipaswi kufichwa kwa ajili ya heshima yake. Tena anayestahili lawama kubwa zaidi ni yule aliyekuwa na huduma salama akainyamazia, mpaka mwanamke akaenda kutafuta iliyo hatari.

Kisu, na elimu iliyosafiri bila tanbihi zake

Mwaka 2000 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa lililoongozwa na Mary Hannah wa Kanada. Wanawake 2,088 katika vituo 121 vya nchi 26 walipangiwa kwa bahati nasibu ama upasuaji uliopangwa ama uzazi wa kawaida. Vifo vya watoto au madhara makubwa vilikuwa asilimia 1.6 kwa waliopangiwa upasuaji, na asilimia 5.0 kwa wengine. Dunia ilibadilika kwa kasi ya ajabu. Nchini Uholanzi, kiwango cha upasuaji kwa watoto waliotanguliza matako kilipanda kutoka asilimia 50 hadi 80 ndani ya miezi miwili baada ya chapisho hilo.

Kilichosafiri kuja kwetu ni kichwa cha habari: matako ni kisu. Tanbihi zilibaki njiani. Tanbihi ya kwanza: faida ilikuwa kubwa sana katika nchi zenye vifo vichache vya watoto wachanga, yaani asilimia 0.4 dhidi ya 5.7. Katika nchi zenye vifo vingi, kundi ambalo sisi tungewekwa, tofauti ilikuwa 2.9 dhidi ya 4.4, pengo dogo ambalo halikuweza kuthibitishwa kitakwimu. Tanbihi ya pili: watoto walipofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, haikuonekana tofauti kati ya makundi hayo katika vifo au kuchelewa kukua kwa akili na viungo. Tanbihi ya tatu: mwaka 2006 utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji, uliohusisha wanawake zaidi ya 8,000, ulionyesha kwamba palipo na uchaguzi makini wa nani anafaa, na uangalizi wa karibu, pengo kati ya njia mbili linaweza kuwa dogo mno. Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi cha Uingereza, katika mwongozo wake wa 2017, kinataja hatari ya kifo cha mtoto kuwa takriban 0.5 kwa 1,000 katika upasuaji uliopangwa na 2 kwa 1,000 katika uzazi wa kawaida wa matako, huku uzazi wa kawaida wa kichwa ukiwa na takriban 1 kwa 1,000. Nambari hizo ni za mahali penye damu, mtaalamu wa usingizi na mkunga mzoefu saa zote.

Na upande wa mama? Utafiti wa upasuaji katika nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta kwamba takriban mwanamke mmoja kati ya 200 alifariki baada ya kujifungua kwa upasuaji, kiwango kilicho mara 50 hivi ya kile cha nchi tajiri. Wengi wao walifika wakiwa tayari hali mbaya, na hilo linathibitisha hoja yangu: upasuaji wa usiku wa manane baada ya safari ya gari la kukodi si sawa na upasuaji uliopangwa Jumanne asubuhi. Tena kuna kovu. Katika nchi ambayo mwanamke hutarajiwa kuzaa tena na tena, kovu la kwanza linaongeza hatari ya mji wa mimba kupasuka na ya kondo kushika mahali pasipofaa katika mimba zijazo.

Sisemi upasuaji ni adui. Kwa mtoto aliyetanguliza mguu, kwa mtoto mkubwa kupita kiasi, kwa shingo iliyonyooka nyuma, na kwa kituo kisicho na mtu aliyewahi kuzalisha matako, upasuaji uliopangwa ndio busara. Ninachokipinga ni imani za pande mbili. Upande mmoja wapo wanaomwona mwanamke aliyepasuliwa kuwa “hakuzaa”, wakimtukuza anayejisukuma hadi kufa kwa jina la asili. Upande mwingine wapo wanaoona kisu kuwa jibu pekee, mpaka mafunzo ya kuzalisha matako yamekuwa sura inayosomwa kwa ajili ya mtihani tu. Wote wanasahau jambo moja: baadhi ya watoto hawa watafika wodini usiku, matako tayari yanaonekana, na hakuna muda wa mjadala. Siku hiyo, mkunga asiyejua lini aondoe mikono na lini aitumie anaweza kumvuta mtoto kwa hofu, mikono yake ikapanda juu na kichwa kikakwama. Ujuzi uliokufa chuoni huua wodini.

Mpango wa kujifungua au orodha ya manunuzi?

Kila kliniki humwambia mjamzito awe na “mpango wa kujifungua”. Kwa maandishi ni wazo zuri: mahali pa kujifungulia, usafiri, mtu wa kuandamana naye, watoa damu, fedha. Kwa vitendo mpango huo umegeuka kuwa orodha ya manunuzi. Glovu, pamba, mpira wa kutandika, kanga, ndoo. Sera yetu inasema huduma za uzazi katika vituo vya umma ni bure. Mwanamke anayefika bila glovu hujifunza maana halisi ya neno hilo.

Kwa mwanamke ambaye mtoto wake ametanguliza matako, mpango wa kweli ungekuwa na mambo tofauti. Ungekuwa na tarehe ya kipimo cha kuthibitisha mkao. Ungekuwa na tarehe ya kujaribu kumgeuza mtoto, na jina la hospitali ifanyayo hivyo. Ungekuwa na uamuzi, uliofikiwa kwa mazungumzo, juu ya njia ya kuzaa iwapo mtoto hatageuka. Ungekuwa na mahali pa kulala karibu na hospitali kuanzia wiki za mwisho kwa anayetoka mbali, zile nyumba za kusubiria uzazi ambazo baadhi ya mikoa huziita chigonela. Ungemwonya kwamba chupa ikipasuka asisubiri uchungu, aende mara moja. Na ungekumbuka kwamba mtoto akishazaliwa, nyonga zake zichunguzwe, kwa kuwa waliotanguliza matako wako katika hatari zaidi ya nyonga kutokaa sawasawa. Mambo hayo yote yanatolewa na mfumo. Hakuna hata moja linalouzwa duka la dawa.

Mwaka 2022 serikali ilizindua upanuzi wa mfumo wa M-mama, unaomwezesha mama kupata usafiri wa dharura kwa kupiga 115, hata kwa kutumia madereva wa jamii pale gari la wagonjwa lisipokuwapo. Ni kazi njema na naiunga mkono. Lakini tusiutumie mfumo wa dharura kufunika uzembe wa kupanga. Dharura iliyokuwa ikijulikana, au iliyopaswa kujulikana, wiki nne kabla haistahili kuitwa dharura. Ni miadi ambayo hakuna aliyeiandika.

Sheria nayo ina sehemu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi, na inamruhusu kuianza wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio. Mwajiri anayemsukuma mjamzito huyu afanye kazi hadi uchungu uanze anakiuka roho ya sheria hiyo. Baba anapewa siku 3. Azitumie kwa busara. Lakini mama lishe na muuza mboga hawamo katika sheria hiyo, na ndio walio wengi. Kumwambia “nenda ukakae karibu na hospitali” bila kumuuliza nani atauza mboga ni ushauri wa mtu anayelipwa mshahara.

Watasema hatuna fedha

Najua majibu yatakayokuja. Watasema hatuna madaktari bingwa wa kutosha. Kupapasa tumbo hakuhitaji bingwa. Kujua kichwa kilipo kwa mashine ndogo ya picha ni ujuzi ambao muuguzi mkunga anaweza kufundishwa. Kumgeuza mtoto kunahitaji utaalamu, ndiyo, na kwa hiyo kuwekwe katika hospitali za rufaa za mikoa, siku maalumu ya wiki, wanawake wapelekwe kwa rufaa yenye tarehe. Watasema bajeti ni finyu. Mwaka 2001, pale Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Anayelia ufinyu leo aanze kwa kueleza ahadi ile iko wapi. Tena upasuaji wa dharura, damu, kulazwa na mtoto aliyekosa hewa akabaki na ulemavu ni ghali kuliko dakika kumi za wiki ya 36. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumejenga kuta nyingi na kuzikatia utepe.

Watasema pia kwamba Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itatatua haya. Bima hulipia huduma iliyopo. Haiwezi kulipia mazungumzo yasiyofanyika wala ujuzi usiofundishwa. Na kama mfumo wa malipo utakithamini kisu na kulipunja jaribio la kumgeuza mtoto, tusishangae visu vikiongezeka.

Ninachodai

Mosi, kila mjamzito apapaswe kikamilifu wiki ya 36, na penye shaka apigwe picha bila malipo. Matokeo yaandikwe kwa maneno, na jina la aliyepima liwepo.

Pili, hospitali za rufaa za mikoa zitoe huduma ya kumgeuza mtoto, na kila zahanati ijue ni ipi na siku gani.

Tatu, mafunzo ya kuzalisha matako yarudishwe kwa vitendo kwa wauguzi wakunga na madaktari, kwa kutumia mifano ya kufundishia, na yarudiwe kila mwaka kazini.

Nne, “amekaa vibaya” ifutwe katika lugha ya kliniki. Mwanamke aambiwe mtoto ametanguliza nini, maana yake nini, na njia zilizopo ni zipi. Kisha asikilizwe.

Wanafunzi wangu, hasa mnaojiandaa kuwa watumishi, msiwe watu wa kujaza safu. Wanaharakati, achaneni kidogo na makongamano ya hotelini. Nendeni katika baraza la madiwani mkaulize hospitali ya wilaya ilifanya upasuaji wa dharura mara ngapi kwa mkao uliokuwa umejulikana, na mara ngapi kwa mkao uliokuwa umepuuzwa. Watumishi wa umma, nanyi mnaosoma haya kimyakimya ofisini, kadi za RCH 4 ziko katika mamlaka yenu. Chukueni ishirini, angalieni safu ya kitangulizi, kisha linganisheni na rejista ya wodi ya wazazi. Tofauti mtakayoikuta iandikieni taarifa, na taarifa hiyo muitie saini.